Ndege Itaondoka na Nini?

Hotuba hii niliitoa mjini Hoima, magharibi mwa Uganda, mbele ya wakulima, wavuvi, wachuuzi na vijana wa bodaboda. Waliokosa kufika wameniomba niiweke yote kwa maandishi. Nimeiacha karibu kama nilivyoisema.

Mheshimiwa mwenyekiti, wazee wetu mlioketi mbele, mama zangu wa sokoni, ndugu zangu wavuvi mliotoka Kaiso, Tonya na Wanseko, na nyinyi vijana wa bodaboda mliosimama mlangoni ili msipitwe na abiria: hamjambo? Hamjambo tena?

Nashukuru tumekubaliana kutumia Kiswahili. Nikitazama humu ndani namwona Mnyoro, namwona Mgungu, Mualuru, Mlugbara, na ndugu zetu waliovuka Ziwa Albert kutoka Mahagi, Congo. Kila mmoja akidai lugha yake, tutatoka hapa usiku wa manane hatujamaliza salamu.

Nimeombwa niseme juu ya uwanja wetu mpya wa ndege, ule wa Kabaale. Nyote mmesikia ahadi. Kila mgeni rasmi anayepita hapa anatueleza kwamba Hoima itakuwa kitovu cha mizigo ya anga, mkulima atavuna asubuhi na jioni mazao yake yatakuwa yanauzwa Dubai, kila kijana atapata kazi na kila kiwanja kitapanda bei. Tunapiga makofi. Mimi mwenyewe nimepiga. Leo naomba tuweke mikono chini kidogo tuulize.

Sisemi uwanja haufai. Nimefanya kazi Entebbe kwa mawakala wa mizigo, nimekesha ghalani nikihesabu katoni, najua ndege inavyoweza kumnufaisha mtu. Najua pia inamnufaisha nani. Kwa hiyo swali langu ni moja, na nitalirudia mpaka mchoke: ndege itaondoka hapa na nini?

Tuutazame uwanja wenyewe kwanza. Pale Kabaale kuna barabara ya kurukia ndege yenye urefu wa kilomita 3.5. Uganda nzima ni Entebbe peke yake iliyo na ndefu kuliko hiyo. Gharama imepita yuro milioni 300, sehemu kubwa ikiwa mkopo uliodhaminiwa na serikali ya Uingereza kupitia shirika lake la kukuza mauzo ya nje. Kwa shilingi zetu hizo ni zaidi ya trilioni moja. Ukapewa jina zuri, la Omukama Kabalega, mfalme wa Bunyoro, mtu aliyepigana na Waingereza miaka na miaka mpaka wakamkamata mwaka wa 1899 wakampeleka Shelisheli. Leo uwanja wenye jina lake umejengwa kwa mkopo wa Waingereza. Wazee, mnaruhusiwa kucheka.

Ulijengwa kwa nini? Tusisahau. Sababu ya kwanza iliyotolewa haikuwa nyanya zenu wala samaki wenu. Ilikuwa ni kushusha mitambo mizito ya kiwanda cha kusafisha mafuta, kile cha mapipa 60,000 kwa siku. Lami ikalazwa, kiwanda hakijaanza. Mwekezaji mmoja akaja akaondoka, na mkataba na kampuni ya Alpha MBM ya Falme za Kiarabu ukasainiwa Machi 2025, miaka saba baada ya ujenzi wa uwanja kuanza. Na mitambo mikubwa ya kuchimbia visima vya mafuta vya Tilenga na Kingfisher ilikuja kwa meli, kisha ikapanda malori. Mliiona ikipita barabarani. Watoto wenu waliacha masomo kuikodolea macho. Mafuta yenyewe yatakapotoka yatapita kwenye bomba la kilomita 1,443 mpaka Chongoleani, Tanga. Hayapandi ndege.

Basi sababu ya kwanza ilipochelewa, ikatafutwa ya pili. Ndipo mkulima akakumbukwa.

Sasa tupige hesabu. Ndege kubwa ya mizigo, tuseme Boeing 777, hubeba karibu tani 100. Tani 100 ni malori kumi ya tani kumikumi. Na hayo si malori ya magunia yaliyotupwa juujuu. Ni malori ya kitu kibichi kilichochaguliwa, kikapoozwa, kikapakiwa katoni, kikakaguliwa, kikapewa cheti, kikafika uwanjani usiku uleule. Yote kumi. Lori moja likikwama kwenye tope la Buseruka, ndege hailisubiri. Na baada ya siku mbili tatu inarudi inataka malori kumi mengine.

Tunalima nini hapa? Nisaidieni. Mahindi. Miwa. Chai. Kahawa. Tumbaku. Maharage. Muhogo. Mchele kidogo. Haya, nitajieni zao moja hapo linalopanda ndege.

(Sauti kutoka nyuma: "Vanila!")

Huyo kijana apigiwe makofi, kwa sababu amejibu vizuri. Vanila inapanda ndege. Ni nyepesi na ni ghali, na mwaka wa 2018 ilipokuwa na bei ya ajabu watu walilala shambani na mapanga wakilinda maua na maganda. Lakini vanila ya Uganda nzima kwa mwaka ni mamia machache ya tani. Hizo ni ndege chache tu, na hata hizo hazihitajiki, maana vanila huingia tumboni mwa ndege ya abiria pamoja na masanduku ya wasafiri. Haihitaji kituo cha mizigo. Inahitaji mnunuzi mwaminifu na polisi anayekamata wezi.

Mahindi je? Nauli ya kilo moja ya mzigo kutoka Entebbe kwenda Ulaya mara nyingi inapita dola moja na nusu. Hiyo ni zaidi ya shilingi elfu tano. Kilo ya mahindi hapa, hata msimu ukiwa mtamu kwa muuzaji, haifiki elfu mbili. Nauli imemeza mahindi, imemeza gunia, na bado ina njaa. Miwa inakwenda kiwandani hapahapa. Chai inakwenda mnada wa Mombasa kwa lori. Kahawa inakwenda Mombasa kwenye kontena, inapanda meli, na hakuna mfanyabiashara mwenye akili timamu atakayeirusha angani. Ndege itaondoka hapa na nini?

Mtaniambia: mbona tunasikia mauzo ya nje yanapanda kila mwaka? Ukisikia hivyo, muulize anayekuambia anapima kwa uzito au kwa thamani. Dhahabu ndiyo imekuwa ikiongoza mauzo ya nje ya nchi hii, imeipita hata kahawa, na sehemu kubwa ya dhahabu hiyo haikuchimbwa Uganda. Dhahabu ya mamilioni ya dola inaingia kwenye mkoba wa mtu mmoja. Takwimu inanona, ghala la mizigo linabaki lilivyokuwa.

Na kuna jambo ambalo wanaotuahidi hawalitaji hata kwa bahati mbaya. Entebbe haijajaa. Entebbe ilijengewa jumba jipya la mizigo lenye uwezo wa tani 100,000 kwa mwaka. Mzigo unaopita pale, kwa miaka ya karibuni, ni kama tani 60,000 na kitu. Entebbe, yenye mashamba ya maua jirani yake, yenye viwanda vya samaki mlangoni, yenye mashirika mengi ya ndege ya kimataifa! Kama yenyewe ina nafasi tupu, mzigo wa kuijaza Hoima utatoka wapi? Utanyang'anywa Entebbe? Basi huo si uchumi mpya. Ni kuhamisha kiti kutoka chumba kimoja kwenda kingine na kusema nyumba imepata samani.

Nitawapa hadithi ya jirani. Nani hapa amefika Eldoret? Naona mikono. Miaka ya 1990, wakati wa Rais Moi, Kenya ilijenga uwanja wa kimataifa Eldoret. Barabara yake ya kurukia ni kilomita 3.5, sawa na yetu. Wafadhili walinung'unika, lakini ahadi ilikuwa tamu: Bonde la Ufa ni ghala la chakula, mazao na maua yatatoka pale moja kwa moja hadi Ulaya, mkulima hatahangaika tena na Nairobi.

Ndege za mizigo zilikuja? Zilikuja. Zilikuja zimejaa nguo, simu na vifaa vya umeme kutoka Dubai na Asia. Zikashusha. Malori yakapakia yakaelekea Nairobi, kwa sababu wanunuzi wako Nairobi. Na ndege zikaondoka na nini? Karibu na hewa tupu. Mkulima wa mahindi wa Uasin Gishu alizitazama zikipita juu ya shamba lake. Aliyenufaika ni mwagizaji wa bidhaa, mwenye lori na wakala wa forodha. Sisemi hao si watu. Mimi nilikuwa mmoja wao. Nasema tu kwamba si wao waliotajwa kwenye hotuba za ufunguzi.

Kuna na Sri Lanka. Mwaka wa 2013 walifungua uwanja unaoitwa Mattala, kusini mwa kisiwa, kwa dola milioni 209, milioni 190 zikiwa mkopo kutoka China. Ndege hazikuja. Mashirika yaliyojaribu yakaacha. Baada ya miaka michache maghala yake ya mizigo yakatumika kuhifadhi mpunga. Ghala la kimataifa, lenye mizani na taa na ulinzi, likageuka stoo ya mpunga. Angalau mpunga ulipata mahali pakavu.

Sasa linganisheni na Naivasha. Pale hakuna uwanja wa kimataifa. Kuna maua. Maua yalilimwa, yakakubalika sokoni Ulaya, wakulima wakubwa wakajenga vyumba vya baridi, magari ya baridi yakawa yanakwenda Nairobi kila usiku, na ndege zikafuata maua. Mzigo ulitangulia, ndege ikafuata. Sisi tumeanza na lami.

Niseme kidogo juu ya mafuta ya ndege, kisha niwaache wahandisi na kazi yao. Mafuta ya ndege Uganda yanatoka ng'ambo, yanashuka Mombasa, yanapita Kenya, yanafika Entebbe kwa malori. Rubani akitua Entebbe anayalipia bei ya safari hiyo yote. Kuja hapa ongeza kilomita 200 nyingine kutoka Kampala. Yaani katika kanda yenye mapipa ya mafuta zaidi ya bilioni moja chini ya miguu yetu, ndege itajazwa mafuta yaliyosafiri kutoka bahari ya Hindi. Mpaka kiwanda kitakapoanza kusafisha, Hoima itakuwa mojawapo ya mahali ghali zaidi pa kujaza ndege. Na mwenye ndege hupiga hesabu hiyo kabla hajatazama ramani.

Tuseme basi nimekosea yote hayo. Tuseme mzigo umepatikana, ndege zimekuja, malori kumi yamefika. Bado nina swali la pili, na hili ndilo lililonileta hapa leo: mzigo huo ni wa nani?

Nikiwa Entebbe nilimfahamu mama mmoja aliyelima pilipili kali upande wa Luweero. Zile pilipili za duara, nyekundu na njano, zinazokuchoma mkono kabla hazijakuchoma mdomo. Alikuwa akimuuzia msafirishaji mmoja, simtaji. Makubaliano yalikuwa ya mdomo: mama analeta, msafirishaji anarusha, mnunuzi wa Ulaya akilipa na mama analipwa.

Usiku mmoja mzigo wake uko mezani. Mkaguzi wa mimea anafungua katoni, anachukua pilipili moja, anaikata. Safi. Anakata ya pili. Safi. Anakata ya tatu, na ndani, karibu na mbegu, kuna kiwavi mdogo mwenye rangi ya waridi, hafiki sentimita mbili. Anajikunja kwa sababu ya mwanga. Huyo ni mtoto wa nondo ambaye Ulaya inamwogopa kuliko jambazi. Tangu Januari 2018 sheria zao juu ya pilipili kutoka Afrika ni kali: uthibitishe shamba halina nondo huyo, au una njia inayokubalika ya kumzuia. Mkaguzi hakuwa na ubaya. Kiwavi mmoja akifika Ubelgiji, wakulima wote wa Uganda wanaweza kufungiwa mlango.

Mzigo ukakataliwa. Msafirishaji alikuwa amelipia nafasi, akatafuta mzigo mwingine akajaza, maisha yakaendelea. Wakala, yaani sisi, tukalipwa ada yetu. Ghala likalipwa. Shirika la ndege likalipwa. Mama hakulipwa kitu. Alikuja asubuhi kuuliza, ameshika leso yenye simu ndani, nami ndiye niliyetumwa kumweleza. Aliniuliza, "Mwanangu, kwa hiyo ndege imeondoka?" Nikamwambia imeondoka. "Na pilipili?" Pilipili zilikuwa zimekwisha kuchomwa.

Sikilizeni vizuri. Uwanja ulikuwepo. Ndege ilikuwepo, tena ilijaa. Uchumi wa nchi usiku ule ulikua. Kilichokosekana ni chandarua juu ya shamba la mama, mtu wa kumfundisha kutega nondo, na karatasi inayosema hasara igawanywe vipi. Gharama ya hivyo vyote kwa kijiji kizima haifiki bei ya mita chache za lami. Nani anatoa hotuba ya kufungua chandarua?

Wavuvi, mnadhani nimewasahau. Nyinyi mnaijua habari hii kuliko mimi, kwa sababu samaki alianza kupanda ndege zamani. Minofu ya sangara kutoka viwanda vya Ziwa Victoria huenda Ulaya ikiwa kwenye barafu, haijagandishwa, na ndege ndiyo njia yake. Fedha nyingi zimeingia nchini kwa njia hiyo. Je, wavuvi wa Victoria ni matajiri? Wangapi mnao ndugu kule? Naona mnacheka, lakini si kicheko cha furaha.

Mwaka wa 1999 ilisikika kwamba watu fulani wanavua kwa sumu. Ulaya ikafunga. Kiwanda kikasimamisha kununua, lakini kiwanda kina benki, kina bima. Mvuvi alikuwa na mtumbwi, nyavu za mkopo na samaki anayeoza. Kisha mwaka wa 2017 likaja jeshi ziwani kulinda samaki. Chombo kisichofika futi 28 kikachomwa. Sangara asiyefika sentimita 50 akawa kesi. Mimi sikatai kwamba samaki walikuwa wanakwisha. Walikuwa wanakwisha kweli, na baadaye wakubwa wakaonekana tena. Lakini soko la ndege lilipotaka samaki mkubwa, aliyelipa gharama ya kumpata ni mwenye mtumbwi mdogo. Hata hapa Albert mmeona moshi.

Na bondo! Kile kifuko cha hewa tumboni mwa samaki. Mama zangu, nani alikuwa anajua bondo? Zamani lilitupwa pamoja na utumbo, paka wakagombania. Leo bondo la sangara likikaushwa linakwenda Hong Kong na China kwa ndege, na kilo moja inashinda minofu mara nyingi kwa bei. Mvuvi anapouza samaki mzima mwaloni, bondo limo ndani. Analipwa bei ya nyama. Hazina inakwenda na mwenye kisu.

Turudi kwenye ziwa letu. Samaki wetu wengi hapa ni muziri na ragoge, wale wadogo wa kuanika mchangani, na wakubwa wa kutia chumvi. Wanakwenda wapi? Wanakwenda Panyimur gulioni, wanavuka kwenda Mahagi na Bunia, wanapanda lori kwenda Arua na kuendelea hadi Juba. Hilo ndilo soko letu la kimataifa, na lipo tayari, halikungoja mtu afungue. Congo imeingia Jumuiya ya Afrika Mashariki tangu 2022. Soko hilo linahitaji nini? Gati ambalo mama hapiti na maji kiunoni akiwa na beseni kichwani. Barafu. Paa la kuanikia mvua isiharibu. Askari wa mpakani anayejua ushuru halali ni upi na anaandika risiti. Sijasikia ndege kwenye orodha hiyo. Nyinyi mmeisikia?

Juu ya ardhi sitasema mengi, maana wenye habari wamo humu na uchungu wao ni wao. Vijiji 13, watu 7,118, waliondoka kupisha eneo la kiwanda na uwanja. Wengi walichukua fedha. Wachache waliotaka nyumba walingoja miaka ndipo wakapewa zile za Kyakaboga, 46, zimepangwa mistari, na shamba mbali na mlango. Watu hao ndio gharama ya kwanza ya uwanja huu, na ilikwisha kulipwa kabla ya faida kuonekana. Kwa hiyo akija mtu kukuambia uwe na subira, muulize yeye ameanza kusubiri lini.

Na deni? Entebbe ilipopanuliwa, mkopo ulikuwa dola milioni 200 kutoka Exim Bank ya China, wa mwaka wa 2015, miaka 20, riba asilimia 2. Nchi nzima ilikuja kushtuka mwaka wa 2021, mkataba ulipojadiliwa hadharani na watu wakaanza kuulizana kama uwanja umewekwa rehani. Wakubwa walikanusha, na mimi nadhani kelele nyingine zilitiwa chumvi. Lakini mkataba uliosomwa na watu baadaye ulionyesha kwamba mapato ya uwanja yalibanwa kwenye akaunti ya kumhakikishia mkopeshaji. Jambo la kuuma ni kwamba tulijua baada ya miaka sita. Shirika letu la ndege, Uganda Airlines, nalo lilifufuliwa mwaka wa 2019 kwa ahadi za namna hiihii, na ripoti za Mkaguzi Mkuu zikaja kuonyesha hasara ya zaidi ya shilingi bilioni 200 kwa mwaka, mwaka baada ya mwaka. Anayelipa ni nani? Umenunua sabuni leo? Umeweka muda wa maongezi kwenye simu? Basi umeshalipa.

Sasa tufanye nini? Uwanja upo, haubomolewi, na mimi singependa ubomolewe. Nataka tuutumie kwa masharti yetu, na wakati wa kutoa masharti ni sasa, wakati wakubwa bado wanahitaji makofi yetu.

Kwanza mkataba wa mkopo uletwe wilayani, uwekwe mahali ambapo diwani na mwalimu wanaweza kuusoma, pamoja na makadirio ya tani. Mtu alikaa mahali akaandika kwamba uwanja huu utapitisha tani kadhaa kwa mwaka. Hakuna mkopo bila karatasi hiyo. Tuione. Tuione imehesabu mazao gani, ya nani, kutoka wapi. Kama imeandikwa mahindi, tutajua tunazungumza na watu wa aina gani.

Kisha ukaguzi wa mimea uje hapa. Mkulima wa Kikuube asipeleke pilipili Entebbe ili aambiwe zina kiwavi; aambiwe akiwa bado shambani. Na chumba cha baridi kitakapojengwa, kisiwe cha mtu mmoja mwenye jina kubwa kutoka Kampala. Kiwe cha vyama vya ushirika na sacco zetu, hata kama ni kidogo, hata kama kitaanza na tani tano. Nimewaeleza habari ya mama wa Luweero kwa sababu hii: mwenye chumba cha baridi ndiye anayepanga bei, kwa kuwa mwenye mzigo hawezi kungoja mpaka kesho na yeye anaweza.

Vijana, nyinyi mnaahidiwa ajira. Ghala la kisasa la mizigo linaendeshwa na watu wachache na mashine za kuinulia. Niliona usiku ndege nzima ikipakiwa na kikosi ambacho kingeenea kwenye matatu mawili. Kazi nyingi haziko uwanjani, ziko nje yake: kuchagua, kupanga daraja, kufunga, kuendesha magari ya baridi, kukarabati majokofu. Fundi wa majokofu! Nani hapa anamjua fundi wa majokofu Hoima ambaye hangojwi wiki mbili? Chuo cha ufundi kiombwe kuanzisha darasa hilo kabla ya kuombwa darasa la wahudumu wa ndege. Najua sare za wahudumu ni nzuri.

Na wavuvi, nyinyi msikubali maombi yenu ya gati na barafu yaambiwe yangoje uwanja ukamilike. Hayo ni mafungu mawili tofauti. Bajeti ya wilaya huanza kujadiliwa miezi kadhaa kabla ya Juni; mikutano ya kata ni ya wazi, na mara nyingi viti vinabaki vitupu. Nendeni mkavijaze. Nendeni na hesabu zenu, mmeandika samaki wangapi waliharibika kwa mvua msimu uliopita, na bei yake. Diwani anaweza kupuuza malalamiko; daftari lenye tarehe na kilo linamsumbua.

Mkutano wa kata unaokuja mwenyekiti atautangaza kabla hatujatawanyika. Ningependa watu watano kutoka hapa waende na swali lilelile, kila mmoja kwa lugha yake akitaka: ndege itaondoka hapa na nini, na kitakuwa cha nani? Na wasiketi mpaka jibu liandikwe kwenye kumbukumbu.

Maswali sasa. Yule mama mwenye kitenge cha njano ameinua mkono tangu nilipotaja bondo, na naona hakubaliani nami. Tuanze na yeye, kisha wazee, kisha yule kijana wa vanila.